Namba Mia Moja na Kumi na Tatu

Barua haikuwa na jina. Ilikuwa mistari michache tu kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, na Inspekta Kabatesi aliisoma mara mbili akiwa bado amesimama, kabla ya kukubali kiti alichoonyeshwa.

"Msichana aliyeongoza mtihani wa makarani alipewa kitu getini. Mwanamke alikuja mbio akampa kitambulisho na karatasi iliyokunjwa, saa mbili kasoro dakika mbili. Nilikuwa mbele yake mlangoni, niliona kwa macho yangu. Kama kitambulisho si chake, au kama karatasi ile ilikuwa na majibu, sijui. Chunguzeni."

"Mnabandika orodha lini?" aliuliza.

"Kesho, saa tano asubuhi," alisema Ganza, mwenyekiti wa jopo la mtihani, mwanamume mwenye suti ya kijivu na sauti ya mtu aliyelala vibaya. "Nafasi ni tatu, za makarani wa mapokezi ya barua. Walikuja watu mia moja na kumi na watatu. Alama wamekwisha kuzijua; kesho ni orodha ya wanaoajiriwa tu. Huyu Languida Nyirahabimana amepata tisini na moja kwa mia. Anayemfuata ana themanini na mbili."

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi sioni, kanuni ndiyo inaona. Shaka isipoondolewa kabla ya kubandika, jina linatoka, na hataomba kazi ya serikali kwa miaka mitano. Ndiyo maana nimekuita. Tazama hizi."

Alisukuma karatasi mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa fomu ya maombi, yenye sahihi iliyoandikwa kwa mkono mmoja mwepesi, herufi zikishikana kama shanga. Ya pili ilikuwa orodha ya mahudhurio ya siku ya mtihani. Mstari wa mwisho, namba 113, ulikuwa na jina lile lile, lakini herufi zake zilisimama mbalimbali, nzito, zimelalia nyuma.

"Hata mtoto angesema ni watu wawili," alisema Ganza.

Kabatesi alikuwa mkaguzi wa malalamiko ya ajira kwa mwaka wa kumi na moja. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, wazazi wake wakiwa wakimbizi, akarudi Rwanda akiwa msichana wa miaka kumi na minane. Kiswahili chake kilibaki cha kule, na Gisenyi walimtania kwamba anaongea kama redio. Aliomba karatasi ya majibu yenyewe, kurasa sita, akaipeleka dirishani.

"Kalamu mliwapa nyinyi?"

"Ndiyo. Zote sawa, wino mweusi mzito."

"Angalia mstari huu. Na huu. Kila neno lina kivuli, wino umekokotwa kwenda kulia. Mtu anayeandika kwa mkono wa kulia, mkono wake uko mbele ya maneno, haugusi wino mbichi. Anayeandika kwa kushoto, mkono unafuata nyuma na kufuta." Aliirudisha karatasi mezani. "Aliyefanya mtihani huu aliandika kwa kushoto. Fomu ya maombi iliandikwa kwa kulia."

"Basi ni watu wawili."

"Au ni mtu mmoja mwenye sababu. Nani alisaini kabla yake?"

Ganza alifuata kwa kidole. Orodha ilisainiwa kwa mpangilio wa kuingia. Namba 112 alikuwa Sylvain Byiringiro, wa Mudende.

"Na kwenye matokeo?"

Ganza alitafuta, kisha akavua miwani yake. "Wa nne," alisema.

*

Mudende iko juu, baridi yake hupenya hata jua likiwaka. Pikipiki ilimteremsha Kabatesi kwenye ghala la viazi, na hapo alimkuta Sylvain akipima magunia na kuandika uzito kwenye kijitabu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mrefu, koti la sufu limemvuka magoti. Alipoonyeshwa barua, hakujisumbua kuikana.

"Ni mi niliandika, madamu."

"Kwa nini hukuweka jina?"

"Mi ni wa ine. Yeye akitoka, mi ninaingia. Nikiweka jina, batu bote banasema ni wivu."

"Na si wivu?"

Sylvain alifunga kijitabu. "Bon. Sijui. Labda iko kidogo. Lakini kitu niliona, niliona. Sikuongeza."

"Basi niambie ulichoona, usiongeze na sasa."

"Tulikuwa mulangoni, mi na yeye, wa mwisho. Yeye alikuwa analia, anatafuta ndani ya sakoshi. Pale mama moja akakuja mbio, anapumua sana. Akamupa kitambulisho na karatasi. Akarudi pale pale. Gate ikafungwa."

"Huyo mama alikuwaje?"

"Mutu mukubwa, kama miaka hamsini. Sura sikuiangalia. Niliangalia mukono." Aliinua vidole vyake mwenyewe. "Vidole vyake vilikuwa na rangi, ya zambarau. Mi nikasema, ile ni wino ya mihuri. Ni mutu wa bureau, wa ofisi. Donc, nikafikiri amemuletea majibu."

"Na aliyelia ndiye aliyeingia? Au mwingine?"

Kijana alifikiri muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji, na Kabatesi alimheshimu kwa hilo.

"Ndiye aliyeingia," alisema hatimaye. "Ile nguo ya kijani. Alikaa mbele yangu masaa tatu. Sikuandika vile kwa barua, lakini njo ukweli."

Kabatesi aliandika maneno hayo, akamsomea, akampa asaini. Safari hii aliweka jina lake lote.

*

Adhuhuri alikuwa ziwani. Wavuvi wa usiku walikuwa wamelala, nyavu zimetandazwa, na kwenye kibanda cha mabati wanawake wawili walikaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwa hilo, kwenye karai kubwa. Mdogo wao alisimama alipoona mgeni mwenye faili. Kwenye mkono wake wa kulia, kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko, ngozi ilikuwa ya waridi, mpya, inayong'aa.

"Wewe ni Languida?"

"Ndiyo, madamu. Karibu. Mama, muletee kiti."

Mama yake alileta kiti, akakifuta kwa khanga, akarudi kwenye karai lakini akageuza sikio. Familia hii ilitoka Masisi, ng'ambo ya mpaka, miaka mingi nyuma; baba alifia njiani, na mama alimsomesha binti huyu kwa samaki hadi diploma ya ukatibu. Languida alikuwa ameomba kazi za serikali mara saba. Yote hayo yalikuwa kwenye fomu, isipokuwa samaki.

"Mkono umefanya nini?"

"Mafuta, madamu. Siku moja mbele ya mutihani. Karai iliteleza."

"Ulitibiwa?"

"Ile jioni yenyewe, kwa kituo cha afya. Banaandika kwa kitabu yao. Asubuhi nilikuwa na bandeji mupaka kwa vidole."

"Ukafanyaje mtihani?"

Languida aliinua mkono wa kushoto. "Na huu. Mi nilizaliwa wa kushoto. Nyanya alinichapa mupaka nikahamia kuume. Alisema mukono ya kushoto haisalimie mutu. Lakini mukono haisahau."

Kabatesi alimpa kalamu na karatasi. "Andika jina lako, na sentensi yoyote."

Msichana aliandika. Herufi zilisimama mbalimbali, nzito, zimelalia nyuma, na kiganja kilipopita kiliacha kivuli kuelekea kulia. Aliandika: Ninaomba kazi ya karani wa mapokezi.

"Kwa nini hukumwambia msimamizi kuhusu mkono?"

"Niliogopa. Nilijiambia, nikisema mukono iko mugonjwa, baniambie rudi nyumbani, utaomba ingine mara. Mara saba, madamu. Mi niliona bora niandike vibaya kuliko nisiandike."

"Sasa niambie juu ya mwanamke wa getini."

Uso wa Languida ulibadilika, na haikuwa hofu. Alikaa chini mbele ya Kabatesi, magoti yakikaribia kugusana.

"Unamujua? Mumemupata?"

"Nakuuliza wewe."

"Mi simujui! Disi, madamu, mi namutafuta tangu ile siku. Nilitoka hapa na pikipiki. Kitambulisho ilikuwa ndani, karatasi ya wito inje, nimefunga vyote na elastiki ya nywele, nikatia kwa mufuko ya koti. Kufika kwa gate, mufuko iko wazi. Ilianguka njiani, sijui wapi. Mulinzi akasema bila kitambulisho hakuna kuingia, inabaki dakika ine. Nikalia kama mutoto. Halafu nikasikia mutu anaita jina yangu. Akanitilia kwa mukono. Nikageuka niseme asante, gate imefungwa, yeye iko inje, mi niko ndani." Alipangusa macho kwa mgongo wa mkono uliopona. "Nilienda kwa soko mara tatu kuuliza. Hata kanisani niliomba batangaze. Hakuna. Ukimupata, madamu, hata kama mumenitoa kwa liste, uniambie tu iko wapi."

Kabatesi aliandika yote, isipokuwa neno moja. Elastiki ya nywele aliiacha kichwani mwake, bila kuiweka kwenye karatasi.

Kituo cha afya kilimpa alichotaka kwa dakika kumi. Kitabu cha wagonjwa, tarehe moja kabla ya mtihani, saa kumi na mbili jioni: Nyirahabimana Languida, kuungua kwa mafuta, mkono wa kulia, bandeji. Muuguzi alimwonyesha mstari huo, kisha akauliza, "Alifaulu?"

"Mbona unauliza?"

"Wakati namufunga alikuwa anasoma kitabu na ule mukono mwingine."

*

"Basi, jambo la kwanza limekwisha," alisema Ganza alasiri. "Ni yeye aliyefanya mtihani. Nakubali. Lakini karatasi?"

"Wito wa mtihani huwa mnaurudisha kwa mtahiniwa?"

"Hapana. Mlangoni tunauchukua, tunaubana kwenye faili."

"Tuuone wa namba 113."

Ganza alifungua kabati mwenyewe. Karatasi ya wito ilikuwa mle, imekunjwa mara nne na kunyooshwa tena, ina vumbi jekundu kwenye mikunjo. Kwenye pembe ya chini palikuwa na alama ya dole gumba, ya zambarau, wazi kabisa hadi mistari ya ngozi ilihesabika.

"Wino wa mhuri," alisema Ganza, na sauti yake ilishuka. "Inspekta, mihuri ya mtihani iko kwa mtu mmoja tu katika jengo hili. Umugwaneza, katibu wangu. Ndiye aliyechapa maswali."

"Muite."

Umugwaneza aliingia akiwa na kitambaa cha kufutia mikono, alikuwa anakula. Alisikiliza swali, akatoka, akarudi na sanduku la chuma. Alilifungua mezani. Mlikuwa na mihuri minne na vibweta viwili vya wino, kimoja cha bluu, kimoja chekundu.

"Zambarau sijawahi kuwa nayo, madamu," alisema. "Na siku ya mtihani nilikuwa ndani ya ukumbi toka saa kumi na mbili, nagawa namba za viti. Wito zote nilizibana kwa faili mimi mwenyewe. Ile alama niliiona, nikafikiri ni matunda."

Kabatesi alilowesha ncha ya leso, akaigusisha kwenye alama ya mhuri wa ofisi iliyokuwa juu ya karatasi. Bluu ilibaki ilivyo. Akagusa ukingo wa dole gumba la zambarau. Leso ikaondoka na rangi, nyepesi kama maji ya kiazisukari.

"Wino wa mhuri una mafuta, hauyeyuki hivi," alisema. "Hii ni rangi ya maji. Dada, samahani kwa kukukatiza chakula."

"Ntakibazo, si neno," alisema Umugwaneza, akalifunga sanduku. Mlangoni aligeuka. "Nashukuru umeniuliza mimi kabla ya kuuliza watu."

*

Viateur alikuwa mlinzi wa geti la shule ulikofanyika mtihani, na alikuwa na kumbukumbu ya mtu ambaye kazi yake ni kutazama miguu inayopita.

"Ule mama? Namukumbuka bien sana. Alivaa bote, zile buti za plastiki, nyeupe. Na jua ilikuwa kali, wiki mbili bila mvua. Nikasema, huyu mama anaogopa mvua gani?"

"Nyeupe zote?"

"Nyeupe, mupaka kwa magoti. Alikimbia nazo tokea kule chini, zinapiga pa-pa-pa. Mi nilikuwa nimeshika gate kufunga. Akapiga kelele: Nyirahabimana Languida! Nyirahabimana Languida!"

Kabatesi aliacha kuandika. "Sema tena. Aliita hivyo hivyo? Jina la Kinyarwanda kwanza?"

"Hivyo hivyo. Kama mutu anasoma liste."

"Viateur, mama yako akikuita, anakuitaje?"

Mlinzi alicheka. "Viateur tu. Kama amekasirika, weee!"

"Kwa hiyo mtu anayekujua hakuiti kama orodha." Alifunga daftari. "Yule mama hakumjua. Alikuwa anasoma karatasi."

"Lakini madamu," alisema Viateur, "mi dakika ilikuwa imefika. Nilingoja sekunde kidogo, sababu ya zile bote. Nilifanya vibaya?"

"Hapana. Umefanya vizuri sana, baba."

Alishuka kwa miguu kuelekea sokoni, akitafakari bote nyeupe na rangi ya zambarau. Bote nyeupe wanavaa watu wa maziwa. Alisimama kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, akauliza, wakamwonyesha mikono yao, misafi. Bote nyeupe wanavaa pia wanaoosha samaki wa kusafirishwa. Nao hawakuwa na rangi yoyote. Jua lilikuwa linaelekea Goma, upande wa magharibi, alipopita mbele ya bucha, na muuza nyama akamkaribisha kama anavyomkaribisha kila mtu. Paja la ng'ombe lilining'inia kwenye ndoano. Ubavuni mwake, juu ya mafuta meupe, palikuwa na duara la zambarau.

"Ile ni nini?" aliuliza, ingawa alishajua.

"Muhuri ya daktari wa mifugo, mama. Nyama bila ile, usinunue."

*

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kabatesi alisimama kwenye mlango wa machinjio, suruali imekunjwa juu ya vifundo. Sakafu ilikuwa inaoshwa kwa mpira wa maji. Daktari wa mifugo alikuwa mtu wa haraka, alijibu huku akiendelea kugonga mhuri.

"Rangi anaitengeneza nani?"

"Mukamazimpaka. Anachanganya, anaosha mihuri, halafu anapeleka vyeti vyangu sokoni kwa wenye bucha."

"Kila siku?"

"Kila siku, saa moja na nusu. Anarudi saa mbili." Alisita. "Mara moja alichelewa. Alirudi saa tatu kasoro, vyeti vimechelewa, wenye bucha wamenipigia simu. Nikamuandikia karipio. Hakusema alikuwa wapi."

Kitabu cha karipio kilikuwa kimetundikwa ukutani kwa kamba. Tarehe ilikuwa ile ya mtihani.

Mukamazimpaka alikuwa kwenye beseni, ameinama, mikono ndani ya maji ya zambarau hadi kwenye vifundo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana, wa Busasamana; Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, polepole. Alipomwona mtu mwenye faili, alijipangusa na kusimama wima kama anayengoja karipio la pili.

"Mama, mwamukeho?" Kabatesi alisalimu kwanza kwa Kinyarwanda, kisha akaendelea kwa Kiswahili ili daktari, ambaye alikuwa mtu wa Goma, asikie vizuri kama shahidi. "Siku uliyochelewa, ulikuwa wapi?"

"Niliokota kitu, madamu."

"Kitu gani? Usiharakishe."

"Karatasi, karibu na soko, pale pikipiki zinasimama. Ndani iko kitambulisho ya mutoto mwanamuke."

"Ilikuwa imefungwaje?"

"Na ile kitu ya nywele, inavutika. Nyeusi. Niliitoa ili nisome. Sikuirudisha, ilibaki kwa mukono yangu." Aliinama kama mwenye hatia. "Iko nyumbani. Nitairudisha."

Kabatesi alivuta pumzi. Kwenye faili lote hapakuwa na mahali palipotajwa elastiki ile.

"Karatasi ilisema nini?"

"Ilisema mutihani ya kazi, saa mbili, kwa shule ile. Na ikasema, bila kitambulisho, hakuna kuingia. Nikaangalia saa ya kwa soko. Ilikuwa saa mbili kasoro kumi na tano."

"Kutoka sokoni hadi shuleni kuna mlima."

"Iko mulima."

"Ungeweza kupeleka polisi. Au kumpa mtu wa pikipiki."

Mukamazimpaka alimtazama kama aliyeulizwa jambo lisilo na maana. "Angefika saa ngapi?"

"Na kwa nini hukumwambia daktari?"

"Aliuliza kwa nini nimechelewa wakati batu ya bucha bako wanapiga simu. Hakuna wakati. Halafu akaandika. Kimeandikwa, kimeandikwa."

Daktari alikuwa ameacha kugonga mhuri. Alikwenda ukutani, akachukua kitabu, akakata mstari ule kwa kalamu, mara mbili, akaandika pembeni na kutia sahihi. Kisha akamwambia Mukamazimpaka avue aproni, aende na madamu, na vyeti leo atavipeleka mwenyewe.

Kabla ya kuondoka, Kabatesi alimwomba mama yule agandamize dole gumba lake kwenye karatasi safi. Hakuhitaji kioo cha kukuzia. Kovu dogo la kisu lilikata mistari ya ngozi katikati, na lilikuwepo pia kwenye pembe ya karatasi ya wito.

*

Saa nne na nusu, Ganza alisoma ripoti ya kurasa tatu kutoka mwanzo hadi mwisho. Kitabu cha kituo cha afya. Maandishi ya mkono wa kushoto. Ushahidi wa Sylvain, wa Viateur, wa daktari. Alama mbili za dole gumba. Alipomaliza, alichukua orodha iliyochapwa usiku uliopita, ambayo jina la kwanza halikuwemo, akaichana vipande vinne.

"Umugwaneza," aliita, "chapa ile nyingine. Kama ilivyokuwa." Kisha akamgeukia Kabatesi. "Ningeibandika jana, ungenipata wapi? Nashukuru kwamba wewe ni mtu wa kupanda pikipiki."

"Mshukuru aliyepanda mlima na bote."

Kijana wa Mudende alipigiwa simu na Ganza mwenyewe. Kabatesi alisikia upande mmoja tu: kwamba alikuwa wa nne, kwamba anabaki wa nne, kwamba jina lake liko kwenye akiba na nafasi ikitokea katika mwaka ataitwa bila mtihani. Halafu Ganza akasogeza simu ili Inspekta asikie.

"Sawa, mukubwa," sauti ya Sylvain ilisema. "Mi nashukuru. Tangu jana sikulala. Nilikuwa naogopa nimeharibia mutu maisha. Mumuambie... hapana. Nitamuambia mwenyewe."

Languida alikuwa uani, katikati ya watu sitini waliongoja orodha, amevaa ile nguo ya kijani. Mama yake alikuwa pembeni. Kabatesi hakungoja orodha ibandikwe. Alimshika Mukamazimpaka kiwiko, akamsogeza mbele.

"Languida," alisema. "Huyu ndiye."

Msichana alitazama bote nyeupe kwanza, kisha vidole, kisha uso. Alipiga magoti pale pale kwenye changarawe, akakumbatia magoti ya yule mama, na watu wakageuka kutazama. Mama wa Languida alikuja akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Ni yeye? Mana yanjye, Mungu wangu, ni yeye?"

"Simama, simama, nguo yako," Mukamazimpaka alisema, amechanganyikiwa, mikono imeinuliwa juu ili isimpake rangi. "Mi sikujui. Ile siku hata sura yako sikuangalia. Niliangalia saa."

"Mi nilikutafuta kanisani, mama. Kwa soko. Kila pahali."

"Mi sikai kwa soko. Mi nakaa kwa machinjio."

Hapo mama wa Languida alianza kucheka huku akilia, na wawili wale wakubwa wakakumbatiana, rangi na yote, wakapigana mgongo kama ndugu waliokutana baada ya safari ndefu. Umugwaneza alipita na orodha na gundi. Umati ukamfuata ukutani. Languida hakwenda. Mtu alipaza sauti kutoka kule, "Nyirahabimana, wa kwanza!" na bado hakwenda.

"Nitakulipa nini, mama?" aliuliza.

"Usinilipe." Mukamazimpaka alifikiri. "Ile kazi, utakuwa unafanya nini pale?"

"Nitapokea barua za batu. Naandika kwa kitabu, napiga muhuri, nawapa karatasi kwamba tumepokea."

"Saa ngapi munafunga?"

"Saa kumi na moja."

"Bon. Mutu akikuja mbio na dakika imefika, umungoje kidogo."

"Nitamungoja," alisema Languida.

Mukamazimpaka akatikisa kichwa, ameridhika, akauliza ni njia gani ya karibu kurudi kazini. Mama na binti wakamwambia hakuna kwenda kazini leo, kuna sambaza ziwani, na kabla hajapata neno la kukataa walishamshika kila mmoja mkono wake, wakateremka naye. Kabatesi aliwatazama hadi walipopinda kona. Kisha akarudi ndani, akafungua faili la namba 113, na kwenye mstari wa mwisho, palipoandikwa Maoni ya Mkaguzi, akaandika: Hakuna kosa. Kuna watu wa kushukuriwa, majina yao yako ukurasa wa pili.